Ukumbi wa Wazazi: Ndege ya Mizigo Katika Chumba cha Ruiru



Miongoni mwa barua zilizotufikia ni ya mama mmoja wa Majengo, Mombasa, ambaye mwanawe yumo mwaka wa tatu katika chuo kimoja mjini Thika na amepanga chumba Ruiru pamoja na binamu yake. Mama ameandika kwa uchungu. Alimpelekea kijana fedha za vitabu, kisha jamaa aliyepita huko akarudi na habari kwamba vitabu hakuviona, aliona mabawa. Bawa moja lilikuwa juu ya kabati, jingine chini ya kitanda, na katikati ya chumba kiwiliwili cha ndege kirefu kama mtoto wa darasa la nane. Mama anauliza mambo mawili: je, mwanawe anasoma au anacheza, na je, amkatie posho?

Swali la namna hii halijibiwi kutoka Mombasa. Kwa kuwa tulikuwa na safari ya Nairobi, tulimwomba mama ruhusa, tukampigia kijana simu, tukaenda kuona kwa macho yetu. Tulikwenda mara tatu, mbili Ruiru na moja Thika. Tunayoyaeleza hapa wameyaridhia wote wawili, na majina tumeyahifadhi.

Kwanza tuondoe dhana. Kilichomo chumbani si kidege cha plastiki kama vile vinavyotandazwa njiani siku za Idi. Ni mfano wa Buffalo, ndege ya mizigo ya kiwanda cha de Havilland cha Kanada, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1964. Ina injini mbili, mabawa yaliyokaa juu ya kiwiliwili, mkia uliosimama kama herufi T, na mlango mkubwa wa nyuma unaoteremka kama mlango wa feri ya Likoni. Sifa yake kubwa ni kuruka na kutua katika kiwanja kifupi kisicho na lami. Jeshi la Anga la Kenya lilianza kuitumia aina hii miaka ya 1970, na wako watu wazima Nairobi ambao wakilisikia jina lake hukumbuka msiba wa Aprili 1992, ilipoanguka mojawapo katika mtaa wa Kaloleni.

Tulimuuliza kijana kwa nini ndege ya mizigo, ilhali wenzake wanapenda ndege za kivita zenye mbio. Akatujibu kwamba babu yake mzaa mama ni mtu wa Tana. Wazee wa huko hawajasahau mafuriko ya mwaka 1961, mto ulipovunja kingo na vijiji vikakatika na barabara. Ndege kubwa za Beverley za jeshi la anga la Waingereza, zilizokuwa na kituo chao Eastleigh, zilitumwa kuwadondoshea watu chakula. Babu husimulia magunia yakishuka kutoka mawinguni na watoto wakiambiwa wasisogee mpaka la mwisho litue. Kijana alitaka ndege yenye mlango wa nyuma unaofunguka angani. Picha na vipimo vya Buffalo alivipata kwa urahisi, na ni ndege ambayo nchi yetu imeitumia, basi akaichagua hiyo.

Kipimo chake ni moja kwa kumi na sita. Ndege yenyewe ina mabawa ya mita 29.26 kutoka ncha hadi ncha na urefu wa mita 24.08. Gawanya kwa 16, upate mabawa ya mita 1.83 na kiwiliwili cha mita moja na nusu. Kijana hakununua sanduku la vipande vilivyokatwa tayari. Alichapisha michoro kwenye karatasi za kawaida, akaziunga kwa gundi ya karatasi hadi ikawa mkeka, kisha akakata vipande kimoja kimoja kutoka kwenye stairofomu, lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni na friji. Maduka ya vyombo ya Thika hulitupa nyuma ya majengo, yeye huliomba. Hulikata kwa waya mwembamba uliopashwa moto kwa umeme mdogo, nao hupita ndani yake kama kisu ndani ya samli.

Aliyewahi kuwatazama mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, angeifahamu kazi hii upesi. Kuna mataruma, nayo ni mbavu zinazoupa mwili umbo lake, na kuna ufito mrefu unaopita toka puani hadi mkiani mfano wa mkuku, kisha ngozi hupigwa juu yake. Tofauti ni kwamba fundi wa jahazi akiwa na shaka huongeza mti, na fundi wa ndege akiwa na shaka hupunguza. Juu ya meza ya kijana pana mizani ya jikoni, na kila kipande hupimwa kabla ya kugandishwa. Alitueleza sababu kwa utulivu uliotupendeza. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito kuliko pua, kwa hiyo gramu moja ya ziada mkiani hudai karibu gramu mbili puani ili ndege isiinue kichwa. Ule mkia wa herufi T, ambao ndio uzuri wa Buffalo, ulimla wiki tatu. Sharti uwe mwepesi, na sharti usitikisike, maana kilele chake ndicho kinachobeba kisukani cha kupandisha na kushusha ndege. Mara mbili aliubomoa. Mara ya tatu aliutia ndani ufito wa mwanzi uliopasuliwa, ukasimama.

Hapa tukakumbuka habari za Abbas ibn Firnas wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 887. Al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baada yake, anasimulia kwamba mtu huyo alijivika manyoya na mabawa mawili, akaruka umbali wa kutosha, lakini wakati wa kutua akaumia mgongo. Sababu inayotajwa ni kwamba hakujitengenezea mkia, naye hakuzingatia kuwa ndege hutua kwa kutumia mkia wake. Tulimsimulia kijana kisa hiki, akacheka, akasema laiti angekisikia kabla ya kuubomoa ule wa pili.

Ama miguu ya ndege, ilitengenezwa na fundi wa jua kali wa Thika kwa waya wa chuma, na nyuzi zinazovuta visukani ni spoku za baiskeli zilizonyooshwa. Mota mbili za umeme, vidhibiti mwendo vyake na mota ndogo nane za kuvuta visukani, ambazo wenyewe huziita sevo, nyingine ziliagizwa ng'ambo na nyingine zilipatikana katika barabara ya Luthuli, Nairobi. Moja kati ya hizo nane ni ya mlango wa nyuma peke yake.

Sasa rangi, na hapa wazazi wenye watoto wa kazi za mikono wasikilize, kwa kuwa hasara nyingi hutokea mahali hapa. Rangi ya kopo ya kupulizia magari ina thina, na thina huila stairofomu kama maji yanavyokula sukari. Kibanda kimoja cha injini kilichotangulia kupakwa rangi hiyo kilinywea mbele ya macho ya kijana, akabaki ameshika kitu kama andazi lililoingia maji. Njia ya salama ni kuufunika mwili wote kwa karatasi laini na gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, uachwe ukauke, upigwe msasa mwembamba, ndipo ipakwe rangi ya maji, ile ile ya kuta za nyumba, kwa tabaka nyembamba. Rangi nayo ina uzito. Tabaka zake mbili zilikuwa gramu 110, naye alikataa kupaka ya tatu ingawa kasoro zilionekana. Tulizihesabu kasoro nne upande wa kushoto, na tukaona amefanya vyema kuziacha.

Binamu yake alishauri ipakwe kijani na kahawia, yenye alama za jeshi. Tulimuunga mkono kijana kukataa. Alama za jeshi si za kuchezewa na raia, na mtu anayerusha kitu chenye alama hizo karibu na makazi anajitafutia maswali. Akachagua nyeupe, mfano wa ndege za misaada. Wengi wetu tunazikumbuka zile zilizokuwa zikitoka Lokichoggio kupeleka chakula Sudan ya kusini, baada ya Umoja wa Mataifa kuanzisha operesheni yake mwaka 1989. Lakini weupe una tatizo lake huko bara. Mwezi wa Julai mbingu ya Ruiru na Thika huwa ya kijivu kutwa, na ndege nyeupe ikifika mita mia moja huyeyuka machoni. Mrushaji asipojua tumbo liko wapi na mgongo uko wapi, ataigeuza upande asioukusudia. Kwa hiyo chini ya mabawa alipaka mistari mitatu mipana ya rangi ya machungwa. Si mizuri, na picha za Buffalo hazina kitu kama hicho, lakini ndiyo iliyoirudisha ndege nyumbani, kama tutakavyoeleza.

Kuhusu uhalali, msomaji mmoja tuliyemgusia habari hii aliuliza kama si katika uchongaji wa sanamu unaokatazwa. Ndege ya chuma si kiumbe chenye roho, na tuliowauliza katika wanazuoni wetu hawakuona ubaya katika umbo lenyewe. Walichotuambia tuangalie ni mali na wakati: vimetoka wapi, na vimemzuia na nini. Ndiyo maswali ya mama yake pia.

Tukataka kuona daftari. Kijana analo, na limeandikwa vizuri. Jumla ya gharama ni shilingi 31,000. Kati ya hizo, 22,000 alizichuma mwenyewe kwa kutengeneza chaja na simu za wapangaji wenzake, na 9,000 zilitoka katika fedha za vitabu. Hakutuficha. Alisema alidhani angezirudisha kabla mama hajauliza, na amekwisha kuweka kando 4,000. Tulimwambia wazi, na tunaandika wazi: ndege hii hata ikiwa nzuri namna gani, zile elfu tisa si zake. Mama yule huuza mahamri na mbaazi alfajiri. Aliyepewa fedha kwa jambo moja akazitumia kwa jingine pasipo idhini, amevunja amana, na ustadi wa mikono hauifuti. Tukamtaka ampigie mama yake siku ile ile, tukatoka nje ili azungumze peke yake. Alikaa kwenye simu muda mrefu.

Tukataka pia kuona matokeo ya mitihani. Masomo ya umeme yako juu, mengine ni ya kadiri, na hesabu ameanguka. Anairudia muhula huu. Hilo lilitushangaza, maana siku ile ile tulimsikia akipiga hesabu ambazo sisi tulizifuata kwa shida. Zenyewe ni hizi, na msomaji wa pwani atazipenda.

Ndege hii ina uzito wa kilo 2.4 na eneo la mabawa karibu theluthi moja ya mita mraba. Kwa vipimo hivyo, ikirushwa ufukweni Mombasa haitakubali kwenda polepole kuliko kilomita 35 kwa saa hivi. Chini ya hapo mabawa huishiwa na nguvu za kuibeba, nayo huanguka. Lakini Thika na Ruiru ziko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa takriban asilimia 14. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halina budi kwenda mbio zaidi ili libebe uzito ule ule, na kile kikomo hupanda kwa takriban asilimia nane, yaani kilomita 37 na ushee. Tofauti ya kilomita mbili tatu yaonekana ndogo. Kwa anayetua katika kiwanja kifupi ni tofauti ya ndege na kuni. Mapangaboi nayo husukuma hewa kidogo kuliko yangalivyosukuma pwani, ndiyo sababu kijana alichukua mota zenye nguvu kuliko alizoshauriwa. Mapangaboi yenyewe ni ya inchi 11, sawa na kipimo cha ndege halisi likigawanywa la kwake kwa 16, na aliyapanga yazunguke kinyume, moja kulia na moja kushoto, ili ndege isivutwe upande mmoja wakati wa kuondoka.

Kwa nini basi akaanguka hesabu? Alisema darasani hajui zinakwenda wapi. Tuliliacha jibu hilo kama lilivyo, lakini tulimkumbusha kwamba mtihani haukubali udhuru wa namna hiyo.

Kuiandaa kwa kuruka kulichukua siku nzima. Betri ndiyo kitu kizito kuliko vyote, kwa hiyo husogezwa mbele au nyuma mpaka ndege iliyoinuliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa itulie, na pua imeinama kidogo tu. Vidole vile hukaa robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele; kwa ndege hii ni chini kidogo ya sentimita tano. Betri za aina hii hazina huruma. Zikijazwa kupita kiasi, au zikitobolewa, huwaka moto usiozimika kirahisi. Kijana huzijazia ndani ya chungu kilichowekwa juu ya sakafu ya saruji, naye huwapo hapo mpaka zijae, wala hazijazi usiku akiwa amelala. Mzazi ambaye mwanawe ana vitu hivi nyumbani na asilione jambo hili likifanyika, na aulize leo. Kisha kila kisukani kilijaribiwa kwa rimoti, mrushaji akiwa amesimama nyuma ya ndege, kwa kuwa aliyesimama mbele huona kulia ni kushoto. Mwisho rimoti ilizimwa kusudi ili kuhakikisha mota zinasimama zenyewe mawasiliano yakikatika.

Ruiru hairushwi kitu. Ni mji wa maghorofa na nyaya, na barabara kuu ya Thika haina nafasi ya makosa. Sheria nayo ipo: vyombo vya angani visivyo na rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2020, na anayetaka kuanza aende akawaulize kabla ya kununua hata pangaboi moja. Kijana alipelekwa na kikundi cha watu wazima wenye idhini, wanaorusha katika uwanda wazi nje ya Thika, mbali na nyumba, nao hawapandishi kitu zaidi ya futi 400.

Tulifika Jumamosi asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Kwa mara ya kwanza rimoti ilishikwa na mzee wa kikundi, mtu wa makamo aliyeanza mchezo huu zamani; kijana alisimama pembeni yake, mikono mfukoni. Ndege ilikwenda hatua arobaini juu ya nyasi, ikainuka. Sauti yake si ya kelele, ni mvumo wa cherehani mbili. Ilivuta kidogo kushoto, mzee akairekebisha, akazunguka nayo mara tatu, akaishusha salama. Mara ya pili alishika kijana mwenyewe. Katika mzunguko wa nne wingu lilishuka, na kwa pumzi tatu nne hatukuona kitu ila mistari ya machungwa. Aliigeuza kwa kuifuata hiyo. Kisha akafungua mlango wa nyuma, na vifuko sita vya kitambaa vilivyotiwa mchanga vikaanguka mstari mmoja katika nyasi. Kutua hakukuwa kuzuri. Gurudumu la mbele liling'oka na pua ikalima udongo kiasi cha mita mbili. Dakika saba kwa jumla, na betri ilikuwa na akiba.

Jibu letu kwa mama wa Majengo ni hili. Mwanao anasoma na anacheza, vyote viwili. Posho ya chakula na kodi usiikate. Fedha za vitabu usimpe mkononi tena muhula huu. Zilipe dukani moja kwa moja, hata baada ya deni kumalizika. Ndege usimwamuru aiuze, ila asinunue cha ziada mpaka hesabu ipite. Naye amekubali masharti haya mbele yetu, ingawa kuhusu gurudumu aliomba fatwa ya pekee, tukamruhusu spoku moja ya baiskeli.

Mama ameniarifu ofisini kwamba atapanda kwenda Ruiru likizo ya Desemba, akae siku tatu. Amesema atataka kuiona ikiruka, na kabla ya hapo atataka kuliona daftari. Zimesalia shilingi 5,000.